Mradi wa Mwanafunzi wa Ufundi Stadi: Mwongozo wa Kuutoa Karakana ya Chuo na Kuufikisha kwa Fundi wa Mtaani

Kila mwaka, wiki chache baada ya wanafunzi wa ngazi ya tatu kutakiwa kuwasilisha mada za miradi yao, maswali yale yale hurudi mlangoni pa karakana: mwalimu, nitengeneze nini, mwalimu, fedha nitapata wapi, mwalimu, nikimaliza kuna mtu atainunua? Nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi, nimesimama kando ya mashine ya kukereza na mikono imejaa grisi, na sasa nimeona heri niyaandike mara moja kwa utaratibu. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa ufundi mitambo na wa uchomeleaji katika Nyanda za Juu Kusini, ingawa wa umeme, useremala au bomba naye ataokota humu la kumfaa. Mfano nitakaoutumia ni mashine ya kupukuchua mahindi, kwa sababu ndiyo inayoombwa zaidi na ndiyo ninayoijua pamoja na makosa yake yote.

Kipimo cha mradi, kwa maoni yangu, ni swali moja: je, fundi wa Mwanjelwa kule Mbeya au wa Ipogolo kule Iringa, ambaye hajawahi kukuona, anaweza kuitengeneza mashine yako kwa kusoma michoro yako na kununua vipuri katika duka la jirani yake, bila kukupigia simu? Akiweza, teknolojia imehawilishwa, yaani imehama kutoka kwako kwenda kwake. Asipoweza, umetengeneza mashine moja, na siku itakapoharibika habari yake itakuwa imekwisha.

Somo hilo nililipata kwa aibu. Nilipokuwa mwanafunzi nilitengeneza mashine ya kupukuchua iliyosifiwa sana siku ya tathmini, na beringi zake nilizichomoa kwenye giaboksi kuukuu niliyoiokota kwenye skrepa, kwa kuwa zilikuwa za bure na bado zilizunguka vizuri. Msimu wa pili beringi moja ikafa. Mwenye mashine alizunguka maduka ya Tukuyu, akamtuma kijana hadi Mbeya mjini, na kote aliambiwa kwamba kipimo hicho hakipo. Nilipokwenda kuitazama mwezi wa Desemba, kuku alikuwa ameatamia mayai ndani ya mdomo wa kulishia mahindi.

MAHITAJI KABLA YA KUANZA

Usikate chuma hata kimoja kabla hujawa na vitu hivi mkononi:

- Mtumiaji mmoja halisi, mwenye jina, kijiji na namba ya simu, aliyekubali kwamba utamsumbua mara kadhaa. "Wakulima wa Tanzania" si mtumiaji.
- Mwalimu msimamizi na ratiba ya karakana iliyoandikwa, inayoonyesha siku na saa unazoruhusiwa kutumia mashine ya kukereza, drili na mashine ya kuchomelea. Ahadi ya mdomo huyeyuka wiki ya mitihani.
- Daftari kubwa la kaunta la kuandikia vipimo, gharama na makosa, kila ukurasa ukiwa na tarehe. Karatasi moja moja hupotea, na kwa kawaida ile inayopotea ndiyo yenye kipimo cha shafti.
- Futi ya chuma, kaliper, kipimapembe, mizani na simu yenye kamera na saa.
- Barua ya utambulisho kutoka chuoni kwa ajili ya ofisi ya mtendaji wa kijiji. Ukiingia kijijini na daftari bila barua, utadhaniwa umetumwa na watu wa kodi au wa mikopo.
- Miwani ya kinga, kioo cha kuchomelea, glavu za ngozi, ovaroli na viatu vigumu. Ndala hazikubaliki karakanani, hata kwa kazi ya dakika tano.
- Fedha, na juu ya fedha nina sharti moja: tenga theluthi moja ya bajeti na usiiguse hadi jaribio la kwanza liishe. Mashine ya kwanza karibu kila mara huwa na kosa, na mwanafunzi aliyemaliza fedha zote hulificha kosa hilo kwa rangi.

HATUA KWA HATUA

1. Litafute tatizo kwa miguu yako.

Mada nyingi dhaifu huzaliwa bwenini, watu wakiwa wamelala chali wakitazama video za mashine za ng'ambo. Nenda shambani, sokoni au kwenye gereji, ukae nusu siku, utazame kazi inavyofanyika. Mwanafunzi wangu mmoja alikwenda Inyala, akamkuta mama amekaa juu ya gunia anapukuchua kwa mikono, vidole vyake amevifunga vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli ili visichubuke. Kijana akaamkia na kuuliza, "Mama, ungependa nikutengenezee mashine ya namna gani?" Mama akamjibu, "Yoyote mwanangu, Mungu akubariki." Jibu hilo halina kazi katika karakana, na kosa lilikuwa la swali.

Aliporudi mara ya pili aliuliza habari za mambo yaliyokwisha kutokea: jana mlipukuchua watu wangapi, tangu saa ngapi, mkapata kiasi gani. Akaambiwa kwamba walikuwa wanne, walianza asubuhi, na hadi jioni walipata magunia mawili na debe moja. Kisha likatoka lile ambalo asingelisoma mahali popote: mashine kubwa ya kuvutwa na trekta hupita kijijini kila msimu, lakini mwenye nayo hasimami kwa mtu mwenye magunia chini ya kumi. Kumbe mashine ilikuwapo. Iliyokosekana ni ya mwenye magunia sita. Maelezo hayo mafupi yalibadilisha ukubwa, uzito na bei ya mradi wote.

Onyo: usitoe ahadi ya kumpa mtu mashine. Sema wazi kwamba ni mradi wa masomo na kwamba huenda usifanikiwe.

2. Tazama kilichokwisha kutengenezwa.

Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, yaani SIDO, lipo tangu 1973, na Mbeya na Iringa ni miongoni mwa mikoa lilikojenga vituo vya kuendeleza teknolojia vyenye karakana. Nenda huko na daftari lako. Ukiweza kusubiri mwezi wa Agosti, tembelea viwanja vya John Mwakangale pale Uyole wakati wa maonesho ya Nane Nane, ambapo kwa siku moja utaona mashine za kupukuchua, kukoboa, kukamua alizeti na kukata majani zimepangwa karibu karibu, na wenyewe wamesimama pembeni wakitamani kuulizwa. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole nacho hakiko mbali, na watu wa huko wanaweza kukueleza tabia ya mahindi yenyewe, jambo ambalo sisi watu wa vyuma hulisahau.

Wanafunzi wengi huogopa hatua hii kwa kudhani kwamba wakikuta kitu kinachofanana na wazo lao, mradi umekufa. Sikubaliani nao. Kuboresha kilichopo ni ubunifu halali, na katika ngazi yetu mara nyingi ndio ubunifu wenye manufaa zaidi kuliko uvumbuzi wa kitu kipya kabisa, mradi tu useme bila kuficha ulichukua nini kwa nani na ulibadilisha nini. Andika sentensi moja: "Mashine yangu inatofautiana na zilizopo kwa sababu..." Ukishindwa kuimaliza, rudi hatua ya kwanza.

3. Andika lengo la mradi kwa namba.

Mfano: mashine inayoendeshwa na injini ndogo ya petroli, inayobebwa na watu wawili, inayopukuchua gunia la kilo 100 kwa muda usiozidi dakika 20, na isiyovunja zaidi ya punje 3 katika kila 100. Maneno kama "yenye ufanisi" na "ya kisasa" yafute, kwa sababu hayapimiki na msimamizi makini atakuuliza maana yake mbele ya wenzako.

4. Linganisha ratiba yako na msimu.

Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja mrefu wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili au Mei, na mahindi makavu hupatikana kwa wingi kuanzia Juni na kuendelea. Kama tathmini yako ni mwezi wa Machi, nunua au azima mahindi ya majaribio miezi sita kabla, uyahifadhi yakiwa bado kwenye magunzi. Nimeona mradi mzuri wa mashine ukijaribiwa kwa mahindi ya kuchoma kutoka stendi. Matokeo yake nadhani unayakisia.

5. Fanya hesabu, kisha chora.

Hapa ndipo nitakapokawia, kwa sababu hapa ndipo miradi mingi huharibika kimyakimya.

Anza na mwendo. Tuseme injini itazunguka mara 2,400 kwa dakika, na puli yake ina kipenyo cha milimita 75. Ukiweka puli ya milimita 300 kwenye shafti ya ngoma, yaani silinda yenye meno inayopukuchua mahindi, ngoma itazunguka 2,400 × 75 ÷ 300, yaani mara 600 kwa dakika. Kama ngoma yenye meno ina kipenyo cha milimita 250, ncha za meno zitakwenda takriban mita 8 kwa sekunde, mwendo unaofaa kuanzia majaribio. Usinunue puli kabla ya kuandika hesabu hii, kwa sababu puli iliyokwisha kutobolewa na kuchongwa njia ya ufunguo hairudishwi dukani.

Kisha fikiria mwinuko wa mahali, jambo ambalo vitabu vingi vilivyoandikwa pwani au ng'ambo havilisisitizi. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa ya ziada, hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko. Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Injini iliyoandikwa nguvu za farasi 6.5 hapa hubaki na karibu 5.4. Ukiijaribu Kyela, mita kama 500 tu, itakuonyesha nguvu za farasi 6 na ushee, utafurahi, halafu ukiipandisha Uporoto itaanza kukohoa chini ya mzigo ule ule. Kwa hiyo fanya hesabu ya mahali mashine itakapofanyia kazi, au chagua injini yenye akiba.

Sasa vipuri. Mimi huwawekea wanafunzi kanuni ya maduka matatu: kila kipuri cha kununua lazima uwe umekiona kwa macho yako katika maduka matatu, na angalau moja kati yake liwe katika mji mdogo ulio karibu na mtumiaji, uwe Mbalizi, Makambako, Mafinga au Ilula. Beringi namba 6205, yenye tundu la milimita 25, hupita mtihani huo kwa urahisi, na beringi ya kukalia fremu ya namba 205 huenda na shafti hiyo hiyo. Mkanda wa aina A au B vilevile. Ukijikuta umechagua shafti ya milimita 27 kwa sababu ndiyo iliyokuwapo kwenye mabaki ya chuo, ikereze hadi 25 kabla mambo hayajaenda mbali.

Mwisho, chora. Michoro ya mkono inakubalika kama ina vipimo vyote, ina mtazamo wa mbele, wa juu na wa pembeni, na kila kipimo kimeanzia kwenye ukingo uliotajwa. Kumbuka sharti hilo la ukingo; tutalirudia.

6. Tengeneza kifani cha mbao au maboksi.

Siku moja inatosha. Lengo ni kuona kama mkono unafika kwenye mdomo wa kulishia, kama gunia linakaa chini ya njia ya kutokea punje, na kama mtu mfupi anaweza kuitumia mashine bila kusimama juu ya ndoo. Mwite mtumiaji wako, au mtu wa kimo chake, asimame mbele yake.

7. Tengeneza mashine yenyewe.

Fremu ya vyuma vya engo ishikize kwanza kwa nukta za kuchomelea kwenye pembe zote, kisha pima kwa futi kutoka pembe hadi pembe kwa mshazari. Vipimo viwili vya mshazari vikilingana, pembe za fremu ni mraba. Visipolingana, gonga urekebishe kabla hujachomelea moja kwa moja, kwa maana chuma kikishapoa katika hali ya kupinda kitakushinda. Bati jembamba la gege 16 huungua na kutoboka haraka. Tumia kijiti cha milimita 2.5, punguza moto wa mashine, na uchomelee vipande vifupi vifupi ukiruka kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Sehemu zote zinazolika, yaani meno ya ngoma, chekeche (wavu wa kando ya ngoma unaopitisha punje) na beringi, zifunge kwa bolti na nati. Mwanafunzi hupenda kuchomelea kila kitu kwa sababu ni haraka na inaonekana imara. Fundi atakayekuja baada yako hatakuwa na njia ya kubadilisha jino moja bila kukata ngoma nzima.

Onyo ambalo sitakubali lipuuzwe: mkanda na puli vifunikwe kwa kinga ya bati au wavu wa chuma. Wengi watakaotumia mashine hii ni akina mama waliojifunga kitenge au kanga, na pindo la nguo likishikwa na mkanda unaozunguka, hakuna atakayewahi kuzima injini. Mashine isiyo na kinga siipitishi, hata kama inapukuchua gunia kwa dakika tano.

Kila siku ya kazi, kabla ya kunawa mikono, andika ulichofanya, kilichoharibika na fedha uliyotumia, pamoja na nauli na soda ya msaidizi. Gharama hizo ndogo ndizo zinazomfanya fundi wa mtaani apate hasara akifuata bei uliyoandika wewe.

8. Jaribu kwanza chuoni, kisha kijijini, kisha bila wewe.

Hakikisha mahindi ni makavu. Kama huna kipima unyevu, weka punje kadhaa na chumvi kavu ndani ya chupa safi iliyo kavu, tikisa kwa dakika chache, kisha tazama: chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi. Pima uzito wa mahindi yaliyopukuchuliwa na muda uliotumika, na urudie angalau mara tatu. Kisha chukua sampuli ya gramu 500, tenga punje zilizovunjika, uzipime. Zikiwa gramu 15, umevunja asilimia 3. Kusanya pia punje zilizobaki kwenye magunzi na zilizoruka nje, kwa sababu mkulima atazihesabu hata kama wewe hukuzihesabu.

Jaribio la kijijini lina sehemu mbili. Siku ya kwanza uwepo na ufundishe. Baada ya hapo iache mashine wiki mbili uondoke. Ukirudi, usiulize "mmeipendaje", kwa kuwa watu wetu ni waungwana na watakujibu kwamba ni nzuri sana. Tazama wameikaza kwa waya wapi, wameifunga tambara wapi, wameondoa kitu gani. Hayo ndiyo marekebisho ya mashine ya pili, na ndiyo kazi ya ile theluthi ya fedha uliyoitenga.

9. Andaa mkoba wa fundi, kisha mpe fundi mwingine aitengeneze.

Mkoba huu uwe na michoro yenye vipimo, orodha ya vyuma na vipuri pamoja na namba zake, mpangilio wa kukata ili engo ya mita 6 isiache vipande vya kutupa, templeti za bati za sehemu zenye mikunjo au matundu mengi, mtiririko wa kuunganisha, matokeo ya majaribio, na gharama ya kweli. Video fupi za simu zinasaidia sana, hasa za kupanga meno ya ngoma, maana mafundi wengi hodari walijifunza kwa kutazama mikono ya watu.

Kisha tafuta fundi mwenye karakana yake, mkubaliane juu ya vifaa na ujira, umkabidhi mkoba, ukae pembeni na mikono mfukoni. Ni vigumu kuliko unavyofikiri. Nilimpeleka mwanafunzi Mwanjelwa kwa kazi hiyo, na nusu saa haikupita fundi akainua karatasi: "Mdogo wangu, hapa umeandika milimita 120 kutoka ukingoni. Ukingo upi, wa ndani au wa nje?" Kijana akainuka kwenda kuonyesha kwa kidole. Nikamrudisha kwenye kiti na kumwambia aandike swali kwenye daftari. Hadi jioni alikuwa na maswali kumi na manne, na kila moja lilikuwa upungufu wa mchoro ambao walimu watatu, mimi nikiwamo, tulikuwa tumeusaini.

Fundi naye ana yake ya kukufundisha. Yule wa Mwanjelwa alitazama njia yetu ya kufunga chekeche kwa bolti nane, akacheka, akaweka bawaba upande mmoja na bolti mbili upande wa pili, na tangu siku hiyo chekeche hufunguliwa bila spana nyingi. Badiliko hilo liliingia kwenye mchoro, na jina lake likaandikwa kama mchangiaji kwa ridhaa yake.

10. Shughulikia haki kabla ya maonesho.

Mwanzoni mwa mradi, uliza kwa maandishi utaratibu wa chuo chako kuhusu miliki ya kazi za wanafunzi zilizotengenezwa kwa vifaa vya chuo. Hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, hushughulikiwa na BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, na hutolewa kwa kitu kipya. Ukishakionyesha hadharani au kukirusha mtandaoni, upya wake unaweza kutiliwa shaka, kwa hiyo pata ushauri mapema. Kusema kweli, mashine nyingi za wanafunzi ni maboresho madogo, na kwa hizo makubaliano ya kurasa mbili na fundi, yanayotaja nani anatengeneza, nani anauza na mwanafunzi anapata nini kwa kila mashine, yana faida ya haraka kuliko cheti. Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, yaani MAKISATU, yaliyoanza 2019, yana kundi la vyuo vya ufundi stadi. Fuatilia matangazo ya Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Ukitaka kuuza kwa wingi, anza mapema mazungumzo na Shirika la Viwango, TBS.

11. Wasilisha.

Dakika kumi zinatosha: tatizo, tofauti na zilizopo, namba za majaribio, kosa moja kubwa na namna ulivyolirekebisha, na mashine ya pili iliyotengenezwa na mtu mwingine. Usiwashe mashine ndani ya ukumbi.

MATATIZO YANAYOTOKEA NA NAMNA YA KUYATATUA

Punje zinavunjika sana. Punguza mwendo wa ngoma kwa kubadilisha puli, kisha ongeza kidogo nafasi kati ya meno na chekeche. Usibadilishe vyote viwili kwa pamoja, kwa sababu hutajua kipi kilichosaidia. Angalia pia unyevu wa mahindi, kwani mabichi hupondeka hata mashine ikiwa sawa.

Magunzi yanatoka yakiwa na punje. Nafasi ni kubwa mno, au magunzi yanapita haraka mno. Kipande cha bati cha kuyachelewesha kwenye njia ya kutokea huwa ni tiba ya bei nafuu.

Injini inazima ikipewa mzigo. Kabla ya kulaumu mwinuko, safisha chujio la hewa, maana vumbi la mahindi hulijaza kwa saa chache. Kisha tazama kama mlishaji anamwaga debe zima kwa mara moja. Kama yote hayo ni sawa, tumia puli ndogo zaidi kwenye injini.

Mkanda unateleza na kunuka mpira ulioungua. Puli hazijanyooka katika mstari mmoja, au injini haina nafasi ya kusogezwa ili kukaza mkanda. Toboa matundu marefu ya kukalia injini, jambo ambalo lilipaswa kuwa kwenye mchoro tangu mwanzo.

Beringi inapata moto. Shafti imepinda kwa joto la kuchomelea. Iweke kwenye mashine ya kukereza uipime. Kupiga nyundo huku ukikisia kutaongeza ubovu.

Mashine inapata kutu mapema. Hili ni tatizo la Rungwe kuliko la Iringa, kwa ajili ya mvua za huko. Paka rangi ya kuzuia kutu chini ya rangi ya juu, na usipake asubuhi za Juni na Julai wakati chuma bado kina umande.

Mtumiaji ameiacha na kurudi kupukuchua kwa mikono. Nenda ukae naye tena nusu siku. Mara nyingi sababu si ya kiufundi: petroli inauzwa mbali, au mwenye ufunguo wa stoo hayupo, au kelele inamwamsha mtoto. Katika kisa kimoja mama alieleza kwamba magunzi yalitoka yamepondeka na hayafai tena kuwashia jiko. Tulipanua nafasi ya chekeche kwa milimita 4, punje chache zikabaki kwenye gunzi, naye akaridhika.

Fundi anatengeneza mashine nyembamba kuliko mchoro ili auze kwa bei ya chini. Muulize ni chuma kipi amekipunguza na kwa nini. Kama ni kwenye mguu wa fremu, pengine yuko sahihi, nawe ulitumia chuma kingi mno. Kama ni kwenye kinga ya mkanda, mrudishie michoro yenye sehemu hiyo iliyozungushiwa wino mwekundu, na katika makubaliano yenu ongeza sharti kwamba mashine isiyo na kinga haitabeba jina lako.